Nyekundu aliyoitaka Ami

Binti yangu ameniuliza kwa nini nyota kwenye picha ya ukutani zina zambarau pembeni, na za angani hazina. Nimemjibu, kaenda zake kucheza, mimi nikarudi kimawazo Makangale, Pemba.

Ilikuwa Julai, kipupwe, mwezi wa siku kumi hivi. Watu hudhani mpiga picha za anga hutaka usiku wa giza tu. Kaskazini ya Pemba usiku wa giza una wenyewe, nao ni wavuvi wa dagaa. Taa zao hujipanga baharini mpaka upeo wa macho unang'aa. Mbalamwezi ikishatawala, dagaa hawaifuati taa, vyombo hupumzika, na Ami, naye mtu wa chombo, anakuwa na nafasi ya kukaa nami. Kwa mwenye vichujio vya mkanda mwembamba hapo ndipo kazi inapoanza. Kila kichujio hupitisha nanomita chache tu za mwanga, haidrojeni kwenye 656, salfa kwenye 672, oksijeni kwenye 501, na karibu mwanga wote wa mwezi unabaki nje.

Tuliiweka darubini nyuma ya nyumba kuikinga na upepo wa kusi. Ni darubini ndogo, ya kubeba begani, na kamera yake haioni rangi, inaona mwanga na giza basi. Tuliielekeza kwenye Nebula ya Tai, M16, wingu kubwa la gesi na vumbi kati ya nyota, ambalo kwetu hupita karibu na utosi. Haidrojeni na salfa tukazichukua mwezi ukiwa juu, kila picha dakika tano. Oksijeni ikasubiri mwezi utue, maana mwanga wake wa kijani-buluu ndio unaosumbuliwa zaidi na mbalamwezi. Usiku wenyewe sina mengi ya kuusimulia: umande, betri ya gari, kahawa.

Kesho yake adhuhuri tulifunga madirisha, nikafungua kompyuta. Ami akavuta kiti.

Picha moja peke yake haina kitu, weusi uliojaa chenga. Unazilundika moja juu ya nyingine, programu inachukua wastani, na chenga zinapungua kwa sababu hazikai mahali pamoja, ilhali nebula haihami. Unatoa picha za giza ulizopiga darubini ikiwa imefunikwa, ili joto la kamera lisihesabiwe kuwa nuru. Hata baada ya hayo yote, skrini bado nyeusi. Picha ina viwango 65,536 vya mwanga, na nebula nzima imejibana chini kabisa, kwenye sehemu ambayo jicho halifiki. Ni lazima uivute, yaani uutanue ule mwanga hafifu mpaka jicho liuone.

Nikaanza kuvuta haidrojeni, taratibu. Kwanza kilitoka kiwingu. Kisha kiwingu kikapata tumbo, na tumbo likapata pengo katikati. Halafu ndani ya pengo zikasimama nguzo zenyewe, za gesi na vumbi, ndogo mno, lakini ndizo, zilezile ambazo Jeff Hester na Paul Scowen walizipiga kwa Hubble, darubini iliyo angani, mwaka 1995. Ami aliinama mpaka paji la uso likakaribia kioo. "Hivi vimekuja kwenye kile kidude cha nje?" Vimekuja, Ami.

Nikavuta salfa, ikang'aa kingoni mwa nguzo, pale mwanga mkali wa nyota changa unapoila gesi. Mwisho oksijeni, hafifu, imetanda kwenye lile pengo. Nilimweleza kwamba huu ndio mwanga uliowahangaisha wataalamu tangu William Huggins alipouona katika nebula nyingine mwaka 1864. Wakadhani ni elementi mpya, wakaipa na jina, mpaka mwaka 1927 Ira Bowen alipoonyesha kwamba ni oksijeni, inayoutoa mwanga huo pale gesi inapokuwa nyembamba mno kuliko ya hapa duniani. "Hii tunayovuta?" Hiihii.

Nikaziunga kwa mpango wa Hubble: salfa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Salfa na oksijeni, kwa udhaifu wao, huvutwa kwa nguvu zaidi, na nyota huvutika pamoja nazo, ndiyo maana zikatoka na zambarau. Dhahabu na feruzi zikajaa skrini.

"Na huko ndivyo ilivyo?"

"Gesi ndivyo zilivyo, Ami. Rangi nimezipanga mimi. Haidrojeni ni nyekundu na salfa nayo nyekundu, jicho haliwezi kuzitenganisha."

"Haidrojeni ni nyekundu."

"Naam."

"Nawe umeifanya kijani."

"Naam, Ami."

Akafikiri. "Bahari ukiiteka kwa kata haina rangi. Lakini nikiwa chomboni, weupe najua ni mchanga, weusi ni majani, buluu nzito ni kilindi. Bahari hainidanganyi." Nikadhani amekubali. "Ila rangi zile hakuzipanga mtu, mwanangu. Hebu nionyeshe nyekundu yake."

Nikaipanga upya: haidrojeni na salfa kwenye nyekundu, oksijeni ikagawana kijani na buluu. Kingo za salfa zikamezwa. Nguzo zikabaki, lakini huwezi tena kujua gesi gani inaanzia wapi. Kwangu mimi ilikuwa hasara kubwa, na naamini hivyo hadi leo: ile ya kwanza inafundisha, ya pili inaonyesha tu. Ami aliitazama muda mrefu. "Hii," akasema.

Nilizichapisha zote mbili Chake Chake. Nyekundu akaitundika barazani, nyingine akaipeleka skuli. Baadaye mwalimu wa sayansi alinipigia simu, wanafunzi wameziona zote mbili na wanauliza wachore ipi. Nikamwambia wachore zote, na chini ya kila rangi waandike jina la gesi. Nilipomsimulia Ami, alisema nimemjibu mwalimu kuhusu kuchora, na watoto walikuwa wanauliza ipi ndiyo. Hilo bado tunabishana.