Barafu, Hasira na Jani la Sale

Moshi, Jumapili jioni

Mpwa wangu wa kidato cha pili kaja na kazi ya Kiingereza: eleza maana mbili za "thaw", ya kawaida na ya kitamathali. Ya kwanza haikumpa shida. Kwao wana friza, na aliyewahi kuchelewa kumtoa kuku anajua kungoja barafu iachie. Nikamwongezea kwamba neno hilo ni la watu ambao ardhi yao huganda miezi kadhaa, kwa hiyo masikioni mwao lina furaha: barafu ikiachia, mito inatiririka tena na mashamba yanalimika.

Kuyeyuka kwetu hakuna furaha hiyo. Pesa ikiyeyuka imekwenda. Mdeni akiyeyuka, usijisumbue kumtafuta. Na huko Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ambako macho yetu huenda kila asubuhi mawingu yakiruhusu, zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 haipo tena. Cha ajabu, sehemu kubwa ya barafu ya kileleni haipiti hata kwenye maji. Hewa ni kavu, jua kali, na baridi ni ya chini ya sifuri. Barafu hugeuka mvuke moja kwa moja ikaondoka. Imeyeyuka kama yule mdeni. (Maji ya mito na mifongo, yaani mifereji yetu ya asili, hutokana zaidi na mvua ya msituni, kwa hiyo mimi namwogopa mwenye msumeno kuliko jua la kileleni.)

Maana ya pili ndiyo iliyotukalisha. Waingereza hulitumia neno hilo kwa watu au nchi zilizonuniana, zikaanza kulegezeana. Nikampa mfano wa karibu: mpaka wa Tanzania na Kenya, uliofungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa Novemba 1983 baada ya Nyerere, Moi na Obote wa Uganda kukutana Arusha na kuelewana namna ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya.

Kijana akaandika, akafunga daftari. Mimi nikabaki nabishana na mfano wangu mwenyewe. Kwa Waingereza ugomvi ni baridi, unangoja joto. Kwetu ugomvi ni moto, na mtu huambiwa apoe. Hilo dogo. Barafu huachia yenyewe msimu ukigeuka, wala hakuna wa kumshukuru. Ule mpaka haukufunguliwa na msimu. Watu walikaa mezani, wakahesabu, wakakubali kila mmoja kubeba sehemu yake.

Uchagani tuna jani la mmea uitwao sale kwa kazi hiyo ya kupatana. Aliyekosa hulichukua mwenyewe, au humtuma mtu mzima alipeleke, na ukishaletewa sale huna njia ya kukataa kusamehe, hata kama kifua bado kinawaka. Hakuna anayekaa kungoja hali ya hewa.

Au ndivyo tunavyojisifu. Baba zangu wadogo wawili hawajasalimiana tangu Krismasi kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na mpaka wenyewe umepandwa masale hayo hayo, mstari mzima, majani ya kutosha kusamehe ukoo. Mama anasema aanze mdogo kwa kuwa ni mdogo. Mdogo anasema aanze aliyeyasogeza. Mkubwa anasema masale hayajasogezwa, yamenenepa.