Nyumba janja ya Goba: nimeanza na simtanki, taa za rangi zitasubiri

Watu wakisikia nyumba yangu ni janja swali la kwanza ni taa. Zinabadilika rangi? Unaziwasha kwa sauti? Ukipiga makofi je? Jamani mimi nakaa Goba, maji yanakuja kwa mgao na yakija yanakuja saa ambazo binadamu wa kawaida amelala, umeme nao unapanda unashuka kama mgonjwa wa malaria, alafu mtu anataka nianze na balbu ya zambarau. Kwa nyumba zetu hizi mimi naona otomesheni inaanza na maji, unafuata umeme, taa zinakuja mwisho kabisa kama hela imebaki.

Kabla sijanunua chochote nilichukua daftari la watoto nikazunguka nyumba nzima naandika vitu vinavyotukera, sio vitu vinavyopendeza YouTube. Pampu inayotaka mtu aamke usiku kuiwasha. Hita ya bafuni inayoachwa inawaka. Taa za kwenye ukuta wa nje zinazowaka mpaka saa nne asubuhi maana kila mtu anajua mwenzake kazima. Friji, umeme ukianza kuyumba. Basi. Hiyo orodha ilinisaidia sana kusema hapana nilipofika Kariakoo, maana ukiingia pale Aggrey bila orodha unatoka na mfuko umejaa vitu vinavyong'aa na nauli huna.

Nikajiwekea masharti mawili. La kwanza, kila kitu kifanye kazi hata intaneti ikiwa haipo. Vifaa vingi vya bei rahisi vina mchezo mmoja, ukibonyeza kwenye simu amri inatoka hapo sebuleni inasafiri mpaka sava iliyoko nje ya nchi alafu inarudi kuwasha taa iliyo hatua mbili toka kwenye kochi lako. Sasa wote tunakumbuka Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilivyokatika huko baharini, nchi nzima intaneti ikawa ya kuomba Mungu, mwenye taa za hivo alirudi kwenye swichi. Na sio nyaya tu, kampuni yenyewe inaweza kufunga. Wamarekani waliokuwa na vifaa vya Insteon waliamka Aprili 2022 sava zimezimwa bila hata taarifa, na kabla ya hapo mwaka 2016 kampuni ya Nest iliizima Revolv, kifaa cha kuongozea vitu vya nyumbani ambacho watu walikinunua kwa hela zao, kikabaki cha kuwekea karatasi zisipeperuke.

Sharti la pili, swichi ya ukutani ibaki swichi. Hili sijadiliani na mtu. Dada wa kazi, watoto, mama mkwe akija toka Moshi, wote wabonyeze ukutani taa iwake, asiwepo mtu wa kuomba simu yangu ili aende chooni.

Ubongo wa mfumo ni Home Assistant, ni programu ya bure, aliianzisha Mholanzi mmoja anaitwa Paulus Schoutsen mwaka 2013 na sasa inachangiwa na watu dunia nzima. Watu wengi wanaiweka kwenye Raspberry Pi, kikompyuta cha kibao kimoja, yenye memori kadi. Kwa umeme wetu mimi siwashauri, umeme ukikatika ghafla wakati inaandika data kadi inaweza kuharibika na mfumo wote unaenda nayo. Chukua kompyuta ndogo ya mtumba, zile zilizotoka maofisini, iwe na SSD, iunge kwenye UPS (betri inayoshika umeme ukikatika) pamoja na rauta, na kila usiku ijifanyie bakapu na nakala iende kwenye fleshi. Kompyuta yenyewe haihitaji nguvu kubwa, kazi anayofanya mtoto wa kidato cha pili kwenye laptop inaisumbua zaidi.

Sasa waya. Hapa ndo wengi wanakwama kwa sababu nyumba nyingi zetu zimefungwa waya kwa mtindo ambao nyutro (waya usio na moto) inaishia juu kwenye taa, kwenye boksi la swichi inashuka layini (wenye moto) na waya wa kurudi kwenye taa tu. Swichi janja nyingi zinataka nyutro ili zenyewe zipate umeme wa kuishi. Zipo zisizotaka, zinapitisha umeme kidogo kupitia taa yenyewe, ila kwa balbu za LED za wati chache taa inabaki inameta meta usiku kucha hata ukizima, inakera. Nilimuita fundi mwenye leseni ya EWURA, kijana mzuri na mkono wake msafi, akafika getini swali la kwanza "Dada, kaka yupo tuongee?" Nikamwambia kaka yupo kazini na hata angekuwepo hajui, ongea na mimi. "Sawa dada, ila nyutro kwenye swichi unataka ya nini, mbona taa zinawaka?" Tukaelewana taratibu. Nyumba iliyokwisha pigwa plasta haina haja ya kuchimbwa upya, moduli ndogo, yaani swichi janja isiyo na kitufe, inawekwa juu kwenye dari nyuma ya taa ambako nyutro ipo, na swichi ya zamani inabaki palepale inaipa moduli ishara. Kama ndo kwanza unajenga mwambie fundi ashushe nyutro kwenye kila boksi la swichi na aweke yale maboksi marefu kwenda ndani. Gharama ya ziada ni ya waya tu na utamshukuru.

Haya, maji. Tuna tenki la ardhini linalopokea mgao alafu pampu ya HP 1 inapandisha kwenye simtanki la lita 5000 juu ya mnara. Kitu cha kwanza, usiunge pampu moja kwa moja kwenye swichi janja iliyoandikwa 10A. Kwenye karatasi pampu ya HP 1 imeandikwa wati kama 750 ukiona unasema mbona ndogo, ila mota inapoanza kuzunguka inavuta mara tano mpaka saba ya hapo kwa muda mfupi, na vile vyuma vya ndani ya rilei, ile swichi ndogo ya ndani ya kifaa, vinaungana. Vikishaungana apu inakwambia pampu imezimwa huku maji yanamwagika kwa jirani. Kwa hiyo moduli yangu, ESP32 (kibao kidogo chenye waifai) yenye ESPHome (programu inayoiunganisha na Home Assistant), kazi yake ni kuwasha koili ya kontakta tu, na kontakta, ambayo ni swichi kubwa inayovutwa na hiyo koili, ndo inabeba mzigo. Na ule waya wa koili umepitia kwenye floti ya juu kwanza, yaani hata kompyuta ichanganyikiwe vipi, maji yakifika juu floti inakata. Pembeni ya kontakta kuna swichi ya kugeuza yenye sehemu tatu, mkono, zima, oto. Dada wa kazi anaijua vizuri kuliko mume wangu.

Kupima maji natumia JSN-SR04T, kile kichwa kilekile cha sensa za bampa ya gari. Kinatuma mlio usiosikika, unagonga maji unarudi, kinahesabu muda. Kina tabia zake. Kitu kikiwa karibu chini ya sentimita 20 na kidogo hakioni, kwa hiyo usikifunge sawa na mfuniko maana tenki likijaa kitaanza kusema uongo, kinyanyue. Mvuke unakaa usoni mwake vitone vitone, namba zinaruka, dawa yake ni kuiambia ESPHome ichukue vipimo kadhaa na kutumia cha katikati. Alafu kuna kioja ambacho nilikipenda sana: saa saba mchana jua likiwaka kwenye lile tenki jeusi grafu inaonyesha maji yameongezeka, na pampu haijawashwa. Sio muujiza. Sauti inaenda mbio zaidi kwenye hewa ya moto, karibu mita 346 kwa sekunde kwenye nyuzi 25 na karibu 355 kwenye nyuzi 40, kwa hiyo mlio unarudi mapema na sensa inadhani maji yako karibu. Kwa umbali wa mita moja ni sentimita kama mbili na nusu hivi. Ukitaka kunyoosha weka sensa ya joto humo ndani na ufanye hesabu, mimi nimeacha, sentimita mbili hazitunyimi kuoga.

Sheria za pampu ni hizi, iwake kama tenki la juu limeshuka chini ya asilimia 40, na la chini lina maji, na volti ziko juu ya 205, na ikishawaka isizidi dakika 45 hata iweje, ikizidi izime na initumie mesej kwa sababu hapo kuna bomba limepasuka au pampu inavuta hewa. Hiyo ya volti msiidharau. Mota ikipewa volti ndogo inavuta ampea nyingi zaidi ili ifanye kazi ileile, inachemka, mwisho unaipeleka kwa fundi wa kusuka waya. Kinachopima volti ni PZEM-004T, kidude kidogo chenye pete inayozungushwa kwenye waya wa layini baada ya meni swichi, fundi ndo alifunga, na mita ya LUKU hatukuigusa wala nyie msiiguse. Saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa unapika na kupiga pasi naona 196, 193, pampu inasubiri. Kuanzia saa tano volti zinarudi juu, pampu inajiwasha yenyewe, mimi nimelala.

Kidude hichohicho ndo kilileta kesi ya hita. Hita ya bafuni ile ya papo kwa papo imeandikwa wati 5500. Kwa tarifu ya T1, ile ya matumizi ya kawaida, elfu kumi inakupa yuniti 28 hivi, kwa hiyo yuniti moja ni kama shilingi 357, mtu akioga dakika kumi amekula yuniti 0.92, shilingi kama 330. Watu watano kila siku inafika 1,600 na ushee, mwezi unakaribia elfu hamsini ya kujimwagia maji ya moto kwenye joto la Dar. Nilipoweka ile grafu kwenye grupu la familia kulikuwa kimya siku nzima. Ila hita yenyewe sijaiunga kwenye mfumo, na nyie msiweke kwenye ile plagi janja ya 16A, wati 5500 ni karibu ampea 24, utachoma nyumba. Kile kidude kikiona inawaka zaidi ya dakika 12 napata mesej, naenda kugonga mlango. Otomesheni ya mkono.

Sensa za milango na za mwendo ni za Zigbee, aina ya mawasiliano ya redio tofauti na waifai, zinatumia betri ndogo na zinakaa muda mrefu. Zigbee karibu kila kifaa kilichochomekwa kwenye umeme kinasaidia kupitisha ujumbe wa wenzake, ndo maana inavuka kuta za tofali za inchi sita. Mafundisho mengi ya Ulaya hayakwambii kwamba umeme ukikatika hao wapitishaji wote wanakufa kwa mpigo na sensa za betri zinabaki yatima, hata kama kompyuta yako iko kwenye UPS. Plagi moja au mbili za Zigbee ziweke upande wa inverta, unaobaki na umeme. Na kile kiantena cha USB cha Zigbee kisichomekwe nyuma ya kompyuta karibu na tundu za USB 3, zinakipigia kelele kwenye masafa yaleyale, tumia waya wa kurefusha kisogee pembeni.

Taa sasa, kwa ufupi. Balbu janja nyingi zikitoka dukani zimesetiwa umeme ukirudi ziwake zote kwa mwanga wote. Fikiria umeme unarudi saa nane usiku na chumba cha watoto kinakuwa uwanja wa taifa. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuchagua zikae zilivyokuwa, kaitafute siku hiyohiyo ya kwanza. Za nje zinafuata jua, Home Assistant inajua jua la Dar linazama saa ngapi, nimemaliza.

Kamera ninazo mbili, geti na uani, ndani hakuna na haitakuwepo, dada wa kazi anaishi humu na yeye ni mtu. Ziko kwenye waifai ya peke yake isiyotoka nje. Paswedi ya kiwandani unabadilisha kabla hata hujaifunga ukutani, Oktoba 2016 kirusi cha Mirai kiliteka vifaa vya aina hii duniani kote kwa kutumia paswedi hizo tu na kikaangusha Twitter na Netflix kwa masaa.

Wanaouliza kama nyumba unaweza kuongea nayo Kiswahili, ndio inawezekana. Whisper, programu ya kusikiliza, inasikia Kiswahili kiasi chake, na Piper, ya kuongea, ina sauti ya Kiswahili iliyowekewa alama ya Kongo, inasoma vizuri tu. Kwenye kompyuta yangu ya mtumba kutoka kusema "washa taa ya jikoni" mpaka iwake unakuwa umeshafika jikoni, kwa hiyo nimeiachia kazi moja, kutangaza sebuleni kwamba maji ya mgao yameanza kuingia. Hapo wote wanakimbilia ndoo za kufulia bila kuitwa. Mwezi ujao fundi anakuja kwa ajili ya mota ya geti, ameshanipigia, na safari hii hakumuulizia kaka.