Nilivyofundisha wanafunzi wa udaktari wa mifugo kusoma picha za altrasaundi mkoani Lindi

Wanafunzi wa udaktari wa mifugo wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo wanatokea Morogoro, na wanakuja na madaftari yaliyojaa. Wanajua kwamba altrasaundi huchora picha kwa sauti inayorudi kutoka ndani ya mwili, na kwamba sauti hiyo hupita kwenye nyama laini kwa kasi ya mita 1,540 hivi kwa sekunde. Wanajua kwamba probu, yaani kichwa cha mashine kinachomgusa mnyama, ya megahezi 7.5 huonyesha vitu vidogo vizuri lakini haifiki mbali, na ya megahezi 3.5 hufika mbali ila picha yake haina makali. Ukiwawekea skrini mbele na kuwauliza wanaona nini, wananyamaza. Picha nyingi walizowahi kuziona zilikuwa za slaidi, tayari zimechorewa mshale.

Mimi nina mashine moja ya altrasaundi ya kubeba, inayotumia betri. Mashine ya eksirei ya mifugo sina. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa mikoani wanaopokea wanafunzi wakiwa na vifaa kama vyangu, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba kazi hii inafanyika, na inafanyika vizuri, mradi ianzie machinjioni.

Tunafika huko alfajiri, kwa ruhusa ya mkaguzi wa nyama. Wachinjaji wanatutengea mifuko ya uzazi, figo, vibofu na vipande vya ini. Mashine inabaki kwenye mkoba. Kwanza kila mwanafunzi anafumba macho na kuupapasa mfuko wa uzazi: hii ndiyo shingo, ngumu, hizi pembe mbili, hii ovari, yaani kifuko cha mayai. Ng'ombe aliye hai atampima kwa mkono ulioingia kwenye njia ya haja kubwa, asione chochote, kwa hiyo vidole lazima vijue njia kabla ya macho.

Baada ya hapo tunajaza ndoo maji na kukizamisha kile kiungo. Probu naivisha glovu yenye jeli ndani na kuishusha majini. Maji hupitisha sauti. Hewa huirudisha karibu yote, ndiyo maana pasipo na jeli au maji hakuna picha. Maji yaachwe yatulie kwanza na mapovu yaishe, la sivyo skrini inajaa vidoa vyeupe. Sasa mwanafunzi anaiona ovari mara mbili kwa wakati mmoja, kwenye ndoo na kwenye skrini. Anaona kiduara cheusi. Nampa kisu, anaipasua ovari mahali palepale, na maji yanamtoka mkononi: ni folikili, kile kifuko cha majimaji kinacholea yai. Karibu yake kuna eneo la kijivu. Akilipasua anakuta ule uvimbe wa manjano unaobaki baada ya yai kutoka. Sijawahi kuona somo la darasani linaloingia haraka kama hili.

Kuna asubuhi tunakuta kijusi ndani ya mfuko. Mwenye ng'ombe aliuza bila kujua. Hapo huwa nasimamisha kazi tukazungumza, kwa sababu hasara ile ndiyo inayotufanya tubebe mashine hadi vijijini: mfugaji amelipwa bei ya ng'ombe mmoja na amepoteza wawili.

Siku zile za mwanzo nakataza kutaja ugonjwa au kusema "mimba". Mwanafunzi aseme anachokiona tu: ni cheusi, cha kijivu au cheupe? Umbo lake? Kingo zake ni laini au zimechakaa? Nyuma yake kuna nini? Majimaji huwa meusi, na nyuma yake panang'aa. Mfupa au jiwe huwa cheupe, na nyuma yake panaanguka kivuli cheusi. Wapo wanaoona naichelewesha kazi. Lakini anayekimbilia jina huacha kuangalia. Akishasema "mimba", macho yake yatatafuta mimba hata palipo na kibofu.

Nakumbuka binti mmoja, mwanafunzi hodari, tulipokuwa kwenye boma moja upande wa Kilwa, kando ya barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale. Wafugaji wengi wa huko walihamia mwaka 2006 na 2007, walipoondolewa bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba skrini haisomeki, tukajifunika kanga yeye na mimi. Akaingiza mkono, akatoa kinyesi chote kwanza kama inavyotakiwa, akaweka probu, akatabasamu.

"Ana mimba, Dokta."

"Nionyeshe kijusi. Nionyeshe moyo ukipiga."

Kimya. "Sivioni."

"Basi sema unachokiona."

"Cheusi, mviringo, kingo laini, nyuma panang'aa." Akanyamaza tena, kisha akasema mwenyewe, "Ni kibofu."

Akasogeza probu mbele, akaupata mfuko wa uzazi. Pembe zote mbili hazikuwa na kitu cha kuonekana, lakini ovari ya kulia ilikuwa na ule uvimbe wa manjano. Mzee mwenye mifugo akasogea. Swali lake lilikuwa moja: "Mwanangu, huyu nimuuze au nimwache?"

Binti akamuuliza dume alimpanda lini. Mzee akahesabu kwa mwezi mwandamo. Zilikuwa kama wiki tatu. Kwa ng'ombe, mimba huanza kuonekana kwa uhakika siku ya 28 hadi 30. Akamjibu, "Mzee, shikamoo yangu uipokee, lakini leo siwezi kukuambia hana mimba. Bado ni mapema. Apimwe tena baada ya wiki mbili."

"Mnada haunisubiri, mwanangu."

"Naelewa, Mzee. Ila ukimpeleka leo, unapeleka kitu usichokijua."

Mzee alikaa kimya kidogo, akamwambia kijana wake atenge dume mmoja badala yake. Mimi sikutia neno. Kumwambia mfugaji kwamba picha ya leo haitoshi ni sehemu ya kusoma picha, na ni sehemu ambayo siku zote naona ngumu kuifundisha.

Mbuzi ni rahisi zaidi. Nawaelekeza wapime upande wa kulia, kwenye ngozi isiyo na manyoya karibu na kiwele, kwa sababu tumbo kuu liko kushoto na gesi yake huziba kila kitu. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, na ikishakomaa kidogo zile sehemu za kondo huonekana kama vikombe vidogo. Wakishaviona, hawavichanganyi tena na kibofu.

Eksirei nafundisha kwa filamu za zamani nilizozitunza. Tunazibandika kwenye kioo cha dirisha. Kanuni ni ileile: idadi, mahali, ukubwa, umbo, kingo, na kiwango cha weupe. Viwango ni vitano: hewa, mafuta, majimaji na misuli, mfupa, chuma. Majimaji na misuli viko daraja moja, ndiyo maana moyo uliozungukwa na maji huonekana kwenye eksirei kama moyo uliokua tu, wakati altrasaundi huvitenganisha papo hapo. Na kila sehemu ya mwili ipigwe pande mbili zinazokatana, kwani picha moja haina kina.

Kuhusu mionzi sina mzaha. Mwaka 1895 Röntgen alipopiga picha mkono wa mkewe, madhara yalikuwa hayajajulikana, sisi tunayajua. Usiku nachukua tochi na kumulika ukuta kutoka mita moja, kisha mita mbili: mwanga unaenea eneo mara nne na kufifia. Mionzi nayo ni hivyo, ukizidisha umbali mara mbili unapata robo yake. Nawaeleza pia kwamba mashine ya eksirei lazima iwe na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na kwamba mjamzito hashiki mnyama anayepigwa picha, hata akivaa aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi.

Kila mwanafunzi anaondoka na nakala ya daftari la picha zake: tarehe, mnyama, alichokiona, alichokitaja, na safu moja tupu ya ukweli uliokuja kujulikana. Safu hiyo najaza mimi. Ng'ombe wa yule mzee nilimpima tena, moyo wa kijusi ulikuwa unapiga, nikamtumia binti video. Masika barabara ikikatika sifiki kwenye maboma, kwa hiyo wafugaji hunipigia simu ng'ombe akizaa, nami naandika.