Siku yangu na fimbo ya maiki: kutoka Tandika hadi lokesheni ya Goba

Saa 10:30 alfajiri

Alamu ya simu inalia mama akiwa ameshaamka kitambo na jiko la mkaa limeshashika moto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo sinema yenu leo inakurudisha saa ngapi?"

Jibu ni lilelile: nitapiga simu. Nina miaka 18, nimemaliza kidato cha nne, na mama, ambaye ni fundi cherehani hapa Tandika, anatamani nisomee uuguzi. Tumeelewana hivi: nifanye kazi hii ya kurekodi sauti za tamthilia mpaka maombi ya vyuo yafunguliwe, na nitakapoomba, uuguzi uwe mojawapo ya nilivyovichagua. Chaguo la kwanza ni Bagamoyo, TaSUBa, kile chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981. Mama anajua. Ila hatulitaji tukiwa tunakunywa chai.

Nagonga chapati za jana na chai ya rangi. Nakula hata nisipokuwa na njaa, sababu mtaiona mchana.

Saa 11:15

Daladala ya Makumbusho. Saa hizi siti unapata, na konda bado hana hasira na mtu. Natoa kurasa za skripti za leo na kalamu nyekundu. Wenzangu wanaotaka kuigiza husoma maneno yao tu. Mimi nasoma nani anasema baada ya nani, nani anainuka kwenye kochi, nani anaongea huku ameupa mgongo mlango. Pale mtu anapofoka naweka alama, kwa sababu sauti ikipanda ghafla na sisi hatujajiandaa, rekodi inapasuka na haifufuki.

Saa 1:20 asubuhi

Gari ya prodaksheni imetuchukua Mwenge na sasa tuko Goba, kwenye nyumba ya kukodi. Tunapiga tamthilia. Jina lake silisemi kwa kuwa haijatoka.

Nieleze kwanza nilivyofika hapa, maana ndilo swali ninaloulizwa sana na wa rika langu. Nilienda kwenye usaili wa waigizaji. Foleni ilitoka getini, wasichana wamependeza, wengine wamekuja na mama zao. Pembeni kulikuwa na kaka mmoja anahangaika peke yake na nyaya, betri na begi la rekoda. Nikamuuliza kama nimshikie kitu. Akanipa fimbo ya maiki, ule mti mrefu wenye maiki nchani, na jina langu la usaili lilipoitwa sikuitika.

Ndicho ninachowaambia: mlango wa kuigiza una foleni, mlango wa udairekta una marafiki na ndugu wa watu, mlango wa sauti uko wazi. Hakuna anayeutaka. Sauti haina picha ya kuposti. Lakini mtazamaji wa kwetu anavumilia picha yenye giza kidogo. Maneno yasiposikika anahamisha stesheni palepale.

Na kazi zipo kuliko zamani. Nilipokuwa mdogo, filamu zilikuja nyumbani kwa diski kutoka Kariakoo. Mwigizaji Kanumba alipofariki Aprili 2012 mama alilia kama amefiwa na mdogo wake, na zile CD zake tulizichezesha mpaka zikakwaruzika. Biashara ile ya diski ilishakufa. Zikaja tamthilia za runinga, za Sinema Zetu ya Azam na za Maisha Magic Bongo, na tamthilia inakula watu: inataka vipindi kila wiki, sini nyingi kwa siku, kwa hiyo inataka mikono. Mkono wa miaka 18 unaobeba fimbo bila kulalamika unapata nafasi.

Saa 2:00

Kabla kamera haijawashwa, mimi na bosi wangu wa sauti tunaizunguka nyumba tukisikiliza. Tunazima feni zote, na joto la Dar mnalijua. Jirani ana jenereta. Meneja wa prodaksheni anaenda kumbembeleza. Jikoni kuna friji linanguruma. Tunalizima, halafu bosi anachukua ufunguo wa gari na kuuweka ndani ya friji, juu ya trei ya mayai. Siku ya kwanza nilidhani anatania. Kumbe ni ujanja wa mafundi sauti: huwezi kuondoka bila ufunguo wa gari, kwa hiyo huwezi kuliacha friji la watu limezimwa samaki wakaoza.

Saa 3:10

Sini ya kwanza, mama mkwe na mkwe wake sebuleni. Mama mkwe ni mwigizaji wa siku nyingi, sote tunamwamkia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nikae vipi?" Ndiye mimi ninayemfunga maiki ya kifuani, kwa kuwa bosi ni mwanaume na mama anapendelea msichana. Kuwa msichana kwenye timu ya sauti kuna faida zake, japo kila wiki lazima atokee mtu wa kuniambia, "Mrembo kama wewe unabeba fimbo, si uigize tu?"

Leo kuna tatizo moja dogo. Kanga aliyovalishwa ni mpya kabisa, bado ina ile wanga ya dukani. Akigeuka tu, kwenye hedifoni nasikia kwaru-kwaru. Namfuata dada wa mavazi, namwomba kanga iliyokwisha fuliwa. Ananiangalia kama nimemtukana, kisha anatoa nyingine kwenye begi, ya rangi inayokaribiana. Nafunga upya, nabana waya kwa plasta ya hospitali, natanguliza kipande cha pamba ili maiki isiguse ngozi. Kimya. Bosi ananyanyua kidole gumba.

Klapa inapigwa. Kwa wasiojua, ule ubao si pambo. Picha inarekodiwa kwenye kamera na sauti kwenye rekoda, vitu viwili tofauti. Mhariri baadaye anatafuta fremu ambayo vile vijiti vimegusana, anatafuta mshituko wa "pa!" kwenye sauti, anavipanga sambamba na mambo yanakwenda.

Halafu mikono. Fimbo unaishika juu ya kichwa, mikono imenyooka, miguu imeachana kidogo, maiki inachungulia kutoka juu na kulenga kifuani kwa anayeongea. Ukiinama, kivuli chako kinapita ukutani. Ukishusha sana, maiki inaingia kwenye fremu na wote wanakugeukia. Mama mkwe ana maneno ya ukurasa mzima leo. Kufika katikati, mabega yanawaka moto, na ndipo mkwe anaanza kulia kwa sauti ya chini, kwa hiyo siwezi hata kuhema vizuri.

"Kata! Nzuri. Sauti?"

Bosi anatikisa kichwa. Kunguru. Wale kunguru weusi wa Dar wametua kwenye paa la bati wanagombania kitu. Teki ya pili. Teki ya tatu. Dairekta anatuma kijana na manati.

Saa 5:00

Mjumbe wa mtaa amefika getini, anataka kujua ni nini kinaendelea na kama tuna ruhusa. Meneja anamtolea kibali cha Bodi ya Filamu na barua ya serikali ya mtaa. Mzee anasoma mstari kwa mstari, anaturudishia, halafu anauliza kama kuna nafasi ya kuigiza mzee wa busara. Meneja ameandika namba yake. Nawaambia wanaotaka kupiga filamu zao wasipuuze karatasi. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ipo tangu 1976 na kibali ni cha lazima.

Saa 6:25 mchana

Ratiba imeacha uwazi hapa makusudi. Adhana ya adhuhuri inaanza msikiti wa karibu, inafuata ya mbali kidogo, na hakuna anayejaribu kurekodi. Wanaoswali wanaenda, na wakisharudi tunachukua ukimya wa chumba: watu wote wanaganda, dakika nzima, tunarekodi sebule ikiwa haina maneno. Mhariri ataupaka ukimya huo kati ya kipande na kipande, la sivyo kila akikata utasikia hewa ya chumba inabadilika.

Katikati ya ukimya huo tumbo la mtu linanguruma. Maiki yetu haifichi siri. Ni la taa, kaka wa taa, na anakana. Tunarudia. Ndiyo maana ya zile chapati za alfajiri.

Saa 8:00

Mama ntilie ameleta wali, maharage, mchicha na kipande cha samaki. Nakula karibu na mpiga picha kwa sababu anapenda kufundisha. Leo nimemuuliza kwa nini taa za jikoni zilikuwa zinapepesa kwenye skrini asubuhi. Anasema umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kamera ilikuwa imewekwa kwa spidi isiyoendana nayo. Ukipiga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kila fremu inaopokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, kupepesa kunaisha. Naandika kwenye daftari. Nusu ya elimu yangu ya filamu imo humo, kurasa nyingine zina alama za mchuzi.

Saa 10:00 hadi jua kuzama

Sini tatu za nje zimepita bila maajabu, nikiwa nimeivisha maiki manyoya yake ya kuzuia upepo. Watoto wa jirani wanayaita paka.

Kinachotukimbiza ni mwanga. Dairekta anataka mkwe aondoke na begi lake jua likiwa la dhahabu, na huku kwetu karibu na ikweta jua halizami kwa mapozi, linatumbukia. Tunafanya mazoezi mara mbili bila kamera. Saa 12:10 tunaanza, bodaboda inapita, tunarudia. Teki ya pili inakamilika, ya tatu tunaipiga kwa ajili ya usalama, na dairekta anapotaka ya nne mpiga picha anaangalia mita yake na kusema, "Kaka, tumefunga duka."

Saa 1:30 usiku

Kadi za kamera na rekoda zinanakiliwa kwenye diski mbili tofauti, na moja inaondoka na mtu mwingine kabisa. Kadi haifutwi mpaka mtu amefungua mafaili kwenye diski zote mbili na kuyasikiliza. Kazi hiyo ya kusikiliza nimepewa mimi. Ufunguo umetolewa kwenye friji, friji linanguruma.

Posho imelipwa mkononi, shilingi 20,000 pamoja na nauli. Si mara zote. Kuna watu nawadai tangu mwaka jana, na nikiwapigia wako "kwenye kikao". Siku hizi kabla ya kukubali naandika meseji: siku ngapi, kiasi gani, nalipwa lini. Nikijibiwa kwa emoji tu, siendi.

Saa 4:00 usiku

Nyumbani. Mama ameniwekea ugali na dagaa, anataka kusikia kama yule mama mkwe ni mkali hata nje ya runinga. Namwambia ni mpole kupindukia. Anaonekana amesikitika.

Kabla ya kulala nahariri kidogo filamu yangu fupi kwenye simu. Ni ya dakika nne, kuhusu fundi cherehani anayeshona nguo ya harusi ya mtu aliyekuwa mchumba wake. Cherehani ni ya mama, saa za kupiga ni Jumapili anapokwenda kanisani. Picha ni za simu, lakini sauti nimeazimwa rekoda na bosi, na mlio wa ile cherehani ukiusikiliza kwa hedifoni utaelewa kwa nini sihitaji muziki. Ikiiva nitaituma kwenye tamasha la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997, ambako kwa miaka mingi filamu zimeonyeshwa Ngome Kongwe uwanjani, chini ya nyota. Wakiikataa, itakwenda na maombi yangu ya Bagamoyo.

Meseji ya ratiba ya kesho imeingia: sini za sokoni, kuanzia saa 1:00 asubuhi. Sokoni, na wauzaji wote wale na vipaza sauti vyao vya "mia tano mia tano"! Nimemwandikia bosi kwamba tubebe maiki zote za kifuani na betri za akiba.

Amejibu: "Na biskuti za yule wa taa."