Nilivyoiandalia Gombe miguu yangu kwanza huku mjini

Sisi wa Kigoma wengi tunaijua Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, kwa jina tu. Wageni wanatua, wanapitiliza hadi ziwani, wanakwenda zao, na sisi tunaoishi mwambao huohuo tunasema hayo ni mambo ya Wazungu. Mimi nilitaka kwenda. Sokwe nilitamani kuwaona, lakini zaidi nilitaka kusimama juu ya vile vilima.

Kazi yangu ni cherehani, nakaa kutwa. Kwa hiyo nilianza na miguu. Jumamosi nilitoka Ujiji kwa miguu hadi mjini, nikashuka mpaka stesheni, kisha nikaupanda mlima wa kurudi Mwanga bila kusimama. Nilipozoea nikahamia upande wa Katonga, ambako njia inapanda, inashuka ziwani, inapanda tena. Wenzangu waliniuliza kwa nini nisitembee tu barabara ya lami. Kwa Gombe hiyo haitoshi. Ziwa letu liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na mgongo wa vilima vya hifadhi unapita mita 1,500, halafu hifadhi yenyewe ni nyembamba sana. Mwinuko wote huo umebanwa katika kilomita chache. Na ukishapanda, kuna kushuka, ambako ndiko kunakoumiza magoti. Nilijifunza kushuka kwa hatua fupi, goti limekunjwa kidogo, fimbo ikitangulia.

Gombe haina barabara, unafika kwa maji. Boti ya kukodi ina haraka lakini bei yake inauma, kwa hiyo nilipanda boti ya abiria pale Kibirizi, zile zinazopeleka watu na mizigo vijiji vya kaskazini. Unakaa na magunia, magodoro na watoto wa wenzako, na safari inachukua saa kadhaa. Za kurudi mjini hupita asubuhi, hivyo panga kulala. Raia tunalipa kiingilio kwa shilingi na ni nafuu kuliko cha mgeni; nenda ofisi ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwanza ukaulize bei na malipo kabla hujafunga mzigo. Kiangazi kinafaa kwa njia kavu, ila upepo wa kusini hulichafua ziwa, kwa hiyo beba koti na mfuko wa plastiki wa kufungia nguo.

Huruhusiwi kuingia msituni bila mwongozaji, na ukiwa na mafua baki mjini. Hili nalisisitiza kwa moyo wote. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu. Mwaka 1966 polio iliwapiga sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki na ulemavu. Unavaa barakoa, unakaa mbali nao, huli chochote mbele yao. Na nyani wa ufukweni wasione chakula chako kabisa, mihogo yangu ya kuchemsha ilikaa ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Siku ya kwanza tulipanda Kilele cha Jane. Chini ni msitu wa mto, kivuli kizito na mizizi. Ukipanda unaingia miyombo, halafu nyasi na changarawe inayoteleza. Mwongozaji aliniambia, "Mama, usitazame juu, tazama unapokanyaga." Nikafanya hivyo, nikipumua kwa puani, na miguu ya Katonga ikanibeba.

Tulipopumzika akanisimulia habari za Jane Goodall, mtafiti wa sokwe ambaye kilele kina jina lake. Alifika Julai 1960, msichana wa miaka 26, na wakoloni wakakataa akae porini peke yake, ikabidi mama yake, Vanne, aje naye. Sokwe walimkimbia. Akawa anakaa pale juu na darubini yake, siku baada ya siku, mpaka wakamzoea. Mwaka huohuo alimwona dume mwenye ndevu za kijivu akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu na kuwavua mchwa awale. Nilimfikiria sana yule mama yake.

Kutoka juu, magharibi ni maji matupu na milima ya Kongo ng'ambo. Ukiangalia nje ya mipaka ya hifadhi ndipo moyo unauma: msitu unakatika, vinaanza vilima vilivyolimwa hadi utosini. Tangu 1994 kuna Tacare, mradi wa uhifadhi unaofanya kazi na vijiji, na baadhi vimetenga misitu yao wenyewe. Miti inarudi pale watu walipoamua, na nadhani watoto wa shule za Kigoma wangepandishwa pale wakaona wenyewe, kabla ya mgeni yeyote.

Kesho yake tulifuata bonde la Kakombe hadi kwenye maporomoko, maji yanadondoka kama mita 25 na upepo wake unakulowesha usoni. Njia ni fupi, mzee wa miaka sitini mwenye afya anaimudu. Sokwe tuliwakuta tukirudi, jike na mtoto wake wakila chikichi, macho yao yakitupima kisha yakaendelea na shughuli.

Sasa nafikiria Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe kusini, ambako mlima Nkungwe unafika mita 2,462. Huko ni mlima wa siku kadhaa na safari ya boti ni ndefu mno, kwa hiyo Jumamosi bado napanda Mwanga, na mdogo wangu ameanza kunifuata.