Kuuliza na Kujibu katika Mahakama ya Arusha

Watu wanaojua kwamba ninafanya kazi ya ukalimani huniuliza swali lile lile kila mara: nikikutana na neno nisilolijua, ninafanyaje? Ni swali la haki, lakini haligusi ugumu wenyewe wa kazi. Neno usilolijua unaweza kuomba lirudiwe, au ukalizunguka kwa maneno mengine. Kinachosumbua zaidi ni pale ambapo kila neno limeeleweka na bado wazungumzaji wawili hawakukutana, kwa sababu mmoja anatarajia jibu lianze na ndiyo ama hapana, na mwingine amelelewa kuanza na chanzo cha jambo. Au kwa sababu mmoja anaona swali kuwa ni ombi la taarifa tu, na mwingine analiona kuwa limemvunjia heshima mbele ya watu. Misingi ya mawasiliano kati ya watu wa tamaduni mbalimbali, kwa maoni yangu, iko hapo: katika namna watu wanavyouliza na wanavyojibu. Nami ninayeishi Arusha sihitaji kwenda mbali kutafuta mfano, kwa kuwa kwa takriban miaka ishirini mji huu ulikuwa na mahakama ambayo kazi yake yote ilitegemea jambo hilo.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994, ikapewa makao katika majengo ya AICC, yaani Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, na ikafungwa rasmi mwishoni mwa mwaka 2015. Wenyeji tuliiita kwa kifupi Mahakama ya Rwanda. Lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, ilhali mashahidi walio wengi walizungumza Kinyarwanda. Katika miaka ya mwanzo maneno ya shahidi yalitolewa kwanza kwa Kifaransa, na mkalimani mwingine akayatoa kwa Kiingereza kutoka kwenye Kifaransa hicho, kwa hiyo wakili aliyejua Kiingereza pekee alikuwa akimsikia shahidi kupitia vinywa vya watu wawili. Swali lake nalo lilipita njia hiyo hiyo likirudi. Kila kituo njiani kilikuwa na uwezekano wa kupunguza ukali wa swali au kunyoosha jibu lililokuwa limepinda kwa makusudi.

Hukumu ya kwanza iliyotolewa humo baada ya kesi kusikilizwa ni ile ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komyuni (eneo la utawala wa ndani) ya Taba nchini Rwanda, na ilisomwa tarehe 2 Septemba 1998. Wanasheria huikumbuka kwa sababu ndiyo ya kwanza ambapo mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na kwa sababu ilitamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Mimi huikumbuka kwa jambo jingine, ambalo nashangaa kuona halitajwi sana: majaji watatu, Laïty Kama wa Senegali, Lennart Aspegren wa Uswidi na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, walitenga sehemu ya hukumu yao kueleza jinsi walivyowasikiliza mashahidi. Waliandika kwamba miundo ya Kinyarwanda na namna zake za kila siku za kusema mambo ni tata na ni vigumu kuzitafsiri kwa Kifaransa au Kiingereza. Kwamba Mnyarwanda hajibu swali moja kwa moja siku zote, hasa likiwa swali nyeti. Na kwamba wao hawakumhesabu shahidi kuwa si wa kuaminika kwa sababu tu alisita au alijibu kwa kuzunguka. Kwa mtu wa kazi yangu, maneno hayo kutoka kwa majaji ni makubwa. Kwa kawaida mzigo wa jibu lisilonyooka huangushiwa mkalimani.

Uzito wa swali nyeti unaonekana vizuri zaidi katika habari ya ubakaji wenyewe. Hati ya mashtaka ya mwanzo dhidi ya Akayesu haikuwa na kosa hilo. Jambo lilijitokeza kizimbani mwanzoni mwa mwaka 1997, shahidi mmoja mwanamke aliposimulia kwamba bintiye mdogo alibakwa, na majaji wakaendelea kumuuliza taratibu wakati ambapo wangeweza kumrudisha kwenye mstari wa maswali yaliyopangwa. Baadaye akaja mwingine. Mwezi Juni mwaka huo hati ya mashtaka ikarekebishwa. Kimya kilichotangulia hakikuwa na maana kwamba hakuna lililotokea. Mwanamke wa kijijini aliyeketi mbele ya mchunguzi mgeni, mara nyingi mwanamume, na katikati yao mkalimani ambaye naye ni mtu wa kwao, ana sababu nyingi za kuishia kwenye kilichoulizwa tu. Anayetaka kusikia zaidi hana budi kuacha nafasi katika mazungumzo, na nafasi hiyo haimo katika dodoso lenye visanduku vya kujazwa.

Majaji hao walikumbana pia na suala la kuona na kusikia. Ilitokea shahidi akasimulia tukio kama mtu aliyekuwepo, kisha akidodoswa ikabainika kwamba alihadithiwa. Kwa wakili aliyefunzwa kwamba ushahidi wa kusikia ni bidhaa dhaifu, huo unaonekana kuwa uongo wa wazi. Lakini nani kati yetu hajawahi kumsikia mzee akisema “walituchomea nyumba,” na nyumba yenyewe ilikuwa ya jirani, kilima cha pili? Hadanganyi. Anasema kama mmoja wa watu waliopatwa na jambo, na wasikilizaji wake wa kawaida wanajua fika kwamba yeye binafsi hakuwepo, kwa hiyo hawana haja ya kuuliza. Mtaalamu wa isimu aliyeitwa na mahakama, Mathias Ruzindana, alieleza kwamba jambo hili ni la kawaida katika jamii ambayo habari nyingi husafiri kwa mdomo, lakini papo hapo akaongeza, na hili ndilo ninalolipenda zaidi katika ushahidi wake, kwamba Wanyarwanda ni watu kama watu wengine wowote, na kwamba shahidi anaweza kabisa kutenganisha alichokiona na alichokisikia. Kinachotakiwa ni kumuuliza hivyo: ulikuwa umesimama wapi, nani alikuambia, lini.

Mawakili, kwa bahati mbaya, hawakupenda kuuliza hivyo. Hapa nataka kusema jambo ambalo husahaulika kila tunapozungumzia utamaduni, kana kwamba utamaduni ni wa shahidi peke yake na wakili amekuja akiwa hana wake. Kudodosa shahidi kwa maswali mafupi yanayofungwa ni mila ya mahakama zinazofuata sheria ya Kiingereza. Majaji na mawakili waliotoka katika nchi zinazofuata mfumo wa Kifaransa walizoea jaji kuongoza maswali na shahidi kuachwa asimulie kwa kirefu kwanza. Kwa hiyo ndani ya ukumbi mmoja kulikuwa na tamaduni tatu au nne za kuuliza, na aliyetakiwa kujirekebisha mara nyingi alikuwa yule aliyeketi kizimbani, ambaye hakusomea hata mmoja kati yake.

Chukua swali la kukanusha, ambalo mawakili wa mila ya Kiingereza hulitumia kama chumvi. Katika Kiswahili ukimwuliza mtu, “Hukumwona pale sokoni?” akajibu “Ndiyo,” kwa wengi wetu amekubali kwamba hakumwona. Mwingereza akijibu “ndiyo” ya kwao kwa swali kama hilo ataeleweka kuwa alimwona. Nimeona katika mikutano ya kawaida kabisa, ya ardhi na ya maji, mtu akirekodiwa kwenye muhtasari kuwa amekiri kile alichokuwa akikikanusha. Mkalimani mzuri hamalizi na neno moja. Hutoa sentensi kamili, “Ndiyo, sikumwona,” na akiona bado kuna shaka humwomba mwenyekiti swali lirudiwe bila kukanusha. Wapo wanaomwambia asiongeze neno. Hao ningependa siku moja wahojiwe kwa lugha ya pili.

Saa nayo ina mtego wake. Wanyarwanda huhesabu saa kama sisi, na wamechukua hata maneno yenyewe kutoka Kiswahili, kwa hiyo saa mbili ya asubuhi ni saa ambayo Mzungu huiandika kwa tarakimu 8. Mchunguzi akiandika 2 na kizimbani mkalimani akasema 8, tofauti ya saa sita inazaliwa bila mtu yeyote kusema uongo. Umbali wa mita na usomaji wa ramani ulileta shida ya namna hiyo hiyo, na hukumu ya Akayesu ilikiri kwamba mashahidi wengi hawakuwa wamezoea ramani, filamu wala michoro ya mahali. Mtu anayejua kila njia ya kilima chake kwa miguu anaweza kushindwa kukionyesha kilima hicho hicho kwenye karatasi iliyochorwa kutoka juu, mahali ambapo hajawahi kukitazama.

Sijasema lolote kuhusu mawasiliano yasiyo na maneno, na yapo. Mwishoni mwa mwaka 2001, katika kesi iliyojulikana kama ya Butare, mji wa kusini mwa Rwanda, mwanamke mmoja alikuwa akihojiwa na wakili wa utetezi juu ya kubakwa kwake, na majaji wakaonekana wakicheka. Uongozi wa mahakama ulieleza kwamba walimcheka wakili na namna yake ya kuuliza, hawakumcheka shahidi. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini kicheko hakipiti kwa mkalimani. Hakuna anayekitafsiri, hakuna anayeeleza kinamwelekea nani, na shahidi aliyekuwa akisubiri maneno yafike masikioni mwake alikiona kikiwa kizima, kabla ya ufafanuzi wowote. Vyama vya manusura nchini Rwanda, Ibuka na Avega, vilisitisha ushirikiano na mahakama mwanzoni mwa 2002, na ingawa walikuwa na malalamiko mengine pia, lile la kicheko ndilo lililobaki midomoni mwa watu.

Wanaofundisha somo hili vyuoni hupenda kuanza na Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewafundisha wanadiplomasia wa nchi yake katika miaka ya 1950, na ambaye baadaye alizigawa tamaduni kati ya zile ambazo maana kubwa hubebwa na mazingira na uhusiano wa wazungumzaji, na zile ambazo maana hutakiwa isemwe yote kwa maneno. Ni mgawanyo unaosaidia ukiutumia kwa adabu. Tatizo ni kwamba hugeuzwa haraka kuwa jedwali, upande mmoja Wajerumani na Waswisi, upande mwingine Waarabu, Wajapani na Waafrika wote kwa mkupuo, na mtu akishalikariri hujiona hana haja tena ya kumsikiliza aliye mbele yake. Nimekaa katika semina za namna hiyo zaidi ya ambavyo ningependa.

Jedwali lina hatari nyingine: linaweza kumfunika mwongo. Mwanasheria wa Marekani Nancy Combs alipochambua kumbukumbu za mahakama kadhaa za kimataifa, ikiwemo hii ya Arusha, alionyesha kwamba tofauti kati ya maelezo ya awali ya mashahidi na waliyoyasema kizimbani zilikuwa za kawaida mno, na kwamba majaji walikuwa wepesi kuzipokea kwa maelezo ya utamaduni, elimu au tafsiri. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Mnyarwanda ana haki ya kuonekana mtu mzima anayeweza kusema kweli na anayeweza kudanganya, kama wakili anayemhoji. Ukisema kila jibu lililopinda ni desturi, umemwondolea uwezo huo, na umemvunjia heshima kwa njia ya upole. Ndiyo maana narudi kila mara kwa maneno ya Ruzindana: alieleza desturi, kisha akakataa isitumiwe kama kisingizio.

Katika kazi zangu ndogo, ambazo ni mikutano ya vijiji, mahojiano ya utafiti na mara chache mabaraza ya ardhi, jambo hilo limenifanya niombe kitu kimoja kabla hatujaanza: nipewe muda na anayeuliza, bila wanaoulizwa kuwepo, nisome maswali yake yote. Yale ya kukanusha huwa tunayageuza. Yale yanayoomba idadi, hasa idadi ya mifugo au ya watoto mbele ya wazee wa Kimaasai, tunayasogeza mwisho au tunatafuta njia ya kuyauliza kwa majina badala ya hesabu. Na mahali ambapo dodoso linasema “eleza kwa kifupi,” nashauri neno “kwa kifupi” lifutwe. Watafiti wengine hukasirika kwamba ninaingilia kazi yao. Wengi hukubali wakishasikia jibu la kwanza.

Kumbukumbu za Mahakama ya Rwanda sasa zimehifadhiwa katika majengo ya Lakilaki, nje kidogo ya mji, kwenye taasisi iliyorithi shughuli zake. Wanafunzi wanaoandika tasnifu kuhusu kesi hizo hunukuu nakala zilizochapwa, ambazo ni za Kiingereza na Kifaransa, na huandika “shahidi alisema” bila wasiwasi, ilhali mwenye maneno yale ya Kiingereza ni mkalimani. Sauti zilirekodiwa pia. Mwenye kutaka kujua shahidi alisema nini, alisita wapi, na swali lilimfikia likiwa na sura gani, aombe kusikiliza Kinyarwanda, na kama hakijui atafute anayekijua akae naye.