Scar hakuwahi kumpenda kaka yake

Jumapili, usiku

Watoto wa kaka yangu wameshinda hapa kwangu Ngamiani. Mvua ilipokataa kukatika tukaangalia The Lion King, ile katuni ya simba ya mwaka 1994. Scar, mdogo wake mfalme Mufasa, alipotokea tu, mkubwa wa watoto akakaa sawa: "Shangazi, huyu ndiye mkali wao!" Nikamwuliza kwa nini. "Anaongea vizuri."

Kweli anaongea vizuri. Jeremy Irons, aliyempa sauti, anavuta maneno kama mtu anayeonja halua. Na zile nywele nyeusi za shingoni, na yale macho ya kijani! Nami utotoni nilimpenda. Leo nimemtazama mpaka mwisho nikitafuta kitu ndani yake, sikukiona, na nimeshindwa kulala bila kuliandika hili.

Kisa anacho. Alikuwa mrithi wa kiti, Mufasa akapata mtoto, Simba, yeye akasogezwa nyuma. Lakini anaishika miguu ya kaka yake pale ukingoni mwa korongo, anaizamishia makucha, anamwachia aanguke katikati ya nyumbu wanaotimua mbio, na usoni mwake hakipiti hata kivuli cha utoto wao. Hatujawaona wakicheka pamoja hata mara moja. Usaliti usiomgharimu msaliti chochote utaniumiza vipi mimi? Halafu akishakipata kiti, hana la kukifanyia. Maji yanakauka, wanyama wanahama, Sarabi, mjane wa Mufasa, anamwambia waondoke, yeye anakataa tu.

Hata fisi wake wamemzidi. Shenzi na wenzake wana njaa, na njaa kila mtu anaijua. Yule fisi wa hadithi za bibi, aliyepasuka msamba njia panda kwa kufuata harufu mbili za nyama, nilikuwa namcheka huku namwonea huruma. Scar simwonei huruma, wala simwogopi.

Nimemkumbuka Shaaban Robert, mzaliwa wa hapa hapa Tanga. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wanamtosa ndugu yao baharini kwa wivu. Majina yao ni Hasidi na Mwivu, kwa hiyo hakuna kilichofichwa. Hata hivyo wanapogeuzwa manyani, Adili analazimika kuwapiga kila usiku, na moyo unamuuma. Hapo undugu nauona.

Ipo pia filamu ya mwaka 2024 inayosimulia utoto wa Mufasa na Scar. Humo Scar anaitwa Taka, na Mufasa ni mtoto aliyepotezana na wazazi wake, akalelewa kwao. Miaka 30 baadaye ndipo wamekumbuka kwamba hawa walikuwa watoto. Nimewaahidi wanangu tutaiangalia wakija tena.

Labda nadai mengi kwa sababu ya baba mdogo. Aliuza shamba la minazi la babu bila kumwambia baba, na mpaka baba anafariki hawakusemezana. Lakini huyo ndiye aliyenifundisha baiskeli. Jioni nzima alikimbia nyuma yangu barabarani ameshika kiti, akipiga kelele, "Kanyaga mwanangu, nimekushika!" Msibani alikuja mapema kuliko wote. Alikaa nje, mwisho kabisa wa mkeka, na sahani ya wali niliyompelekea niliikuta vile vile.